Mara ya kwanza kupeleka familia Disneyland: Paris, Florida, Abu Dhabi, au tuanzie hapa nyumbani?

Mama Pendo, Umoja

Hodi wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma humu miaka miwili bila kuandika, leo nimeona nifungue mdomo.

Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya safari kwenye sacco tangu Pendo azaliwe. Sasa Pendo ana miaka 7 na mdogo wake Kito ana 4. Pesa inatosha safari moja, na hiyo moja haitarudiwa karibuni. Watoto wanamtaka Mickey, hawataki kusikia mwingine. Mama yangu, aliyenilelea hawa watoto wote wawili tangu nirudi kazini, angependa kupanda ndege japo mara moja maishani, kwa hiyo naye yumo.

Kaka yangu anaishi kitongoji cha Paris. Binamu ya mume wangu yuko Orlando, Florida. Mume mwenyewe anapendelea Abu Dhabi kwa sababu ni karibu. Mimi nikilala nawaza kwa nini nisiwapeleke Mombasa kwanza, kinachobaki kiende kwa karo.

Bei nitazitafuta mwenyewe. Ninachoomba kwenu ni kumbukumbu. Mlipokwenda mara ya kwanza watoto walikuwa na umri gani, na mpaka leo wanasimulia nini?

Baba Tausi, South B

Karibu sana Mama Pendo, umeuliza swali zuri.

Sisi tulikwenda Paris likizo ndefu ya Novemba, Tausi akiwa na miaka 5 na kaka yake 9. Kasri lile la rangi ya waridi ambalo mama yao na mimi tulikuwa tumelingoja kwa hamu, Tausi alilitazama kidogo tu. Chini yake kuna pango. Unaingia kwa miguu, giza, maji yanachuruzika, na mbele yako kuna joka limefungwa minyororo. Limelala. Unalisikia likivuta pumzi, moshi unatoka puani, halafu linafumbua macho, linanyanyua shingo na kunguruma. Tausi alinirukia shingoni akanikaba kwa mikono miwili. Tukatoka mbio. Machozi hayajakauka vizuri akaniambia, "Baba, turudi tuone kama limelala." Tulirudi mara nne siku ile. Leo ana miaka 11, na mdogo wake akikataa kulala humwambia joka la Paris likiamka halilali tena.

Kaka yake naye anasimulia treni. Ile RER A ina ghorofa. Ukikaa juu unatazama paa za nyumba, ukikaa chini macho yako yako sawa na miguu ya watu waliosimama kituoni. Unashuka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, na ukitoka stesheni lango la bustani liko hapo hapo. Huhitaji teksi. Kwa mtu mwenye kaka anayeishi huko, hilo peke yake ni nafuu kubwa.

Baridi ilikuwa kali. Tulinunua makoti mazito Gikomba wiki mbili kabla ya safari, manne, na kila moja lilifanya kazi yake. Mvua ikinyesha usitembee katikati ya ile barabara kuu ya kuingilia. Pande zote mbili, nyuma ya maduka, kuna vijia vilivyoezekwa vinavyokufikisha karibu na kasri ukiwa mkavu. Watu wengi hawavioni, tuliviona kwa sababu mama yao alifuata joto.

Viza: ombi hulipeleki mapema zaidi ya miezi 6, wala hulichelewishi chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya 6 halipi, kwa hiyo Kito ni bure. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Na kama mtalala kwa kaka yako, yeye ndiye aende ofisi ya meya wa mtaa wake achukue cheti cha mwenyeji. Mwambie aanze mapema, ofisi zile zina foleni zake.

Kerubo, Lang'ata

Wangu walikuwa na miaka 2 na 3. Hawakumbuki chochote. Mimi nakumbuka kila kitu, na picha zao ziko ukutani sebuleni, lakini wao huziangalia kama picha za watoto wa jirani. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwa malipo, Paris wala Marekani, na hilo ndilo lililotuvutia. Kama ningerudia ningengoja.

Halima, Pangani

Shikamoo kwa wakubwa, na Mama Pendo pole na mawazo. Mimi nitasema Florida, na nitaeleza kwa nini, mnivumilie maana ni ndefu.

Tulikwenda wiki ya kwanza ya Desemba, shule zetu zimefungwa na za kwao bado, kwa hiyo msongamano haukuwa ule wa Krismasi. Mwanangu alikuwa na miaka 8, binti 6. Tulimchukua mama yangu, mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kufika tu si kazi ndogo: Nairobi hadi New York bila kutua ni kama saa 15, halafu ndege nyingine ya saa tatu hivi hadi Orlando. Mama alisali akiwa amekaa kitini, akasema amesafiri zaidi ya bahari zote alizowahi kuzisikia.

Sasa, pale Walt Disney World hakuna bustani moja, ziko nne, kwenye eneo la karibu kilomita 100 za mraba. Mbuga yetu ya Taifa ya Nairobi ni 117. Piga hesabu ya miguu ya mtoto hapo. Siku ya kwanza tulikwenda kwenye kasri, la mita 58 hivi, watoto wakapiga kelele wakachoka. Siku ya pili tukaenda Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998. Mle ndani wamejenga kijiji cha Afrika Mashariki na kukiita Harambe.

Mama aliona jina langoni akasimama. "Wamesahau e moja," akasema. Tukaingia. Walioijenga walikuja mpaka Lamu kutazama, na inaonekana. Kuta zimepakwa kama chokaa kuukuu, zimebanduka pembeni, mawe yanachungulia. Barabara imepasuliwa kwa makusudi. Mama alienda ukutani akaweka kiganja, akaupapasa polepole kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu akageuka akaniuliza, "Mbona hakuna punda?"

Hilo ndilo wanangu wanalolisimulia. Hawataji kasri wala fataki. Wanasimulia bibi yao akitembea katikati ya kijiji akisoma mabango kwa sauti. Tamu Tamu, wanauza aiskrimu. Dawa Bar, hapo alitikisa kichwa akapita. Pameandikwa Uhuru 1961, akawaambia watoto wetu ni 1963, wa Tanganyika ndio 1961. Kulikuwa na mtoto wa Kizungu amesimama na mamake, akauliza tamu ni nini. Mama hajui Kiingereza cha kutosha. Akamwonyesha aiskrimu mkononi mwa binti yangu, akalamba hewa, akasema "tamu." Yule mtoto akarudia, "tamu." Mama akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Tulizunguka kijiji kile saa tatu nzima na hatukupanda kitu chochote.

Ile safari ya gari ya kutazama wanyama, Kilimanjaro Safaris, tuliipanda baadaye. Twiga, vifaru, tembo, wote wazima kweli, inachukua kama dakika 20. Kijana wangu aliipenda lakini alisema ya Lang'ata Road ni ndefu zaidi. Ni kweli.

Ubaya wa Florida ni viza na gharama. Dola 185 kwa kila mtu, awe mzee awe mtoto, na mkikataliwa hairudishwi. Mahojiano ni Gigiri, na siku ya kupangiwa inaweza kuwa mbali sana. Sisi tulianza mwaka mzima kabla. Agosti msiende: joto, radi za alasiri, na radi ikipiga michezo yote ya nje husimamishwa.

Baba Tausi, South B

Halima, hadithi ya mama imenigusa. Lakini nikuulize kwa heshima: kwa mtoto wa miaka 4 kama Kito, siku mbili za ndege kwenda na kurudi si mateso?

Halima, Pangani

Kwa Kito, ndiyo. Hapo sina ubishi. Binti yangu wa 6 alilala njia nzima ya kwenda, ya kurudi alilia kuanzia New York mpaka taa za Embakasi. Kama ni huyo wa 4, Paris ni kama saa 8 na kitu, na mnashukia kwa mjomba mwenye uji na kitanda.

Juma wa Juja

Na mimi niitetee Abu Dhabi kidogo maana mume wa Mama Pendo hana wakili hapa.

Ndege ni saa 5 hivi. Bustani zimejengwa kisiwa cha Yas, karibu karibu, na mbili kubwa ziko ndani ya jengo lenye hewa baridi: Ferrari World ya 2010, ile yenye paa jekundu, na Warner Bros. World ya 2018. Nje jua linaweza kupita nyuzi 40 mwezi wa Agosti, ndani watoto wamevaa masweta. Nilikwenda na wapwa zangu watatu, wa 14, 12 na 9. Wa 14 alipanda Formula Rossa, inayofika kilomita 240 kwa saa, unavalishwa miwani kwa sababu ya mchanga na wadudu. Alishuka hawezi kuongea. Alikaa kwenye ngazi akashika magoti, na maneno yake ya kwanza yalikuwa "Mama asijue." Mama yake anajua sasa, na bado wanasimuliana.

Lakini niseme ukweli, wa 9 alichoka na kuzuiwa. Kila alipotaka, kimo hakitoshi. Hizo ni bustani za vijana zaidi, ukiondoa Warner. Na Mickey hayupo. Mei 2025 Disney walitangaza na kampuni ya Miral kwamba watajenga Disneyland hapo hapo Yas, lakini kutangaza si kufungua, Kito anaweza kuwa na ndevu.

Achieng wa Donholm

Juma ametaja kimo, na hapo ndipo ningependa kila mzazi asimame.

Bustani moja ya Ulaya, sitaitaja, tulisimama foleni saa nzima na robo. Mwanangu alikuwa na miaka 6, ameshika kofia yake, anahesabu watu waliobaki mbele yetu kwa sauti. Waliobaki wakiwa wanne, msichana aliyevaa sare akaleta kijiti cha kupimia. Kichwa cha mtoto kikaishia chini ya alama kwa upana wa kidole. Alirudishwa. Hakulia. Alivua kofia, akajiegemeza tena kwenye kijiti, akasimama kwa vidole. Yule msichana akamtazama mama, yaani mimi, na mimi nikakosa la kumwambia mtoto. Miaka imepita, na akisimulia safari ile huanza na hicho kijiti.

Kwa hiyo, wapime nyumbani. Wapime bila viatu, na uwaambie kabla ya kuondoka Nairobi ni nini watapanda na nini watangoja wakue. Kwa Disneyland Paris, ile treni ya mgodini, Big Thunder Mountain, inataka sentimita 102. Ile ya angani gizani inataka 120. Farasi wa kuzunguka, mashua za wanasesere wa mataifa, vikombe vya chai, hivyo havina kimo.

Jingine: pesa ya tikiti usimpe wakala unayemjua kwa simu tu. Kuna mmoja hapa mjini alichukua yangu ya watu wanne akaniletea karatasi zenye rangi nzuri ambazo mashine langoni haikuzitambua. Nunua kwenye tovuti ya bustani yenyewe.

Mwalimu wa Rongai

Achieng, pole. Karatasi bandia zimekuwapo tangu siku ya kwanza kabisa. Disneyland ya kwanza ilifunguliwa Anaheim, California, Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, kwa wageni waalikwa tu, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Watu wakaghushi mialiko na umati ukafurika. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma kabla ya hapo, kwa hiyo mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakuwa tayari. Jua lilikuwa kali na lami mbichi, viatu vya visigino vya akina mama vikawa vinazama. Familia zilizokwenda siku ile zilikuwa na mengi ya kusimulia, na zilirudi.

Mama Pendo, nakuandikia haya kwa sababu moja. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa amekaa benchi huko Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Alikuwa baba aliyekaa pembeni kama tunavyokaa sisi pale Jeevanjee au Uhuru Park, na akataka mahali ambapo mzazi naye atapanda. Kwa hiyo nikisikia shosho, bibi yao, anakwenda, nafurahi. Ulizia kile ambacho shosho, Kito na Pendo wanaweza kupanda pamoja kwenye kiti kimoja. Wanasesere wa mataifa ni hivyo, mnakaa kwenye mashua nyote. Hakuna la kuogofya, hakuna la kupanda mlima.

Na jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hushangaa: mpaka 1982, California na Florida zilikuwa na vitabu vya tikiti. Kila mchezo ulikuwa na herufi yake, A ndiyo ndogo, na E, iliyoongezwa 1959, ndiyo ya michezo mikubwa. Mtoto alikaa na kitabu chake akapanga atumie ipi wapi. Waliokulia Nairobi miaka ile wanaelewa hilo vizuri kuliko Mmarekani wa leo. Luna Park pale Uhuru Park si ilikuwa hivyo hivyo? Tikiti moja, mzunguko mmoja, na pesa ya baba ina mwisho.

Mzee wa Kaloleni

Mwalimu umenitoa mafichoni.

Mimi sijafika Paris wala Florida. Watoto wangu ni sita, na mshahara ulikuwa wa karani wa reli. Krismasi ya 1984 niliwapeleka Uhuru Park wote sita kwa mguu kutoka Kaloleni, mama yao amebeba chapati kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Bustani ile ilifunguliwa 1969, na siku kama hiyo nyasi hukuziona kwa watu. Nilikuwa na pesa ya kila mtoto kupanda kitu kimoja. Kimoja tu. Walizunguka wakitazama kwa zaidi ya saa nzima kabla ya kuamua. Wanne wakachagua gurudumu kubwa, mmoja farasi. Kifungua mimba akasema yeye atapanda mashua, ila nami nipande, nipige makasia. Mashua ilitulowesha soksi. Alikuwa na miaka 13 na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa na mimi peke yake tangu wadogo zake wazaliwe. Aliniuliza mambo ya kazi, ya reli, kama ninachoka. Nilimjibu kama mtu mzima.

Mpiga picha wa pale akatupiga tukishuka. Akaandika sanduku la posta kwenye daftari lake, na baada ya wiki mbili picha ikaja kwa bahasha. Kifungua mimba sasa ana wajukuu. Picha anayo yeye, nilimpa.

Bustani ilipofungwa 2021 kwa ukarabati nilikwenda nikasimama nje ya mabati. Nilitaka tu kuona kama dimbwi bado lipo.

Sikupingi safari, binti yangu. Nenda. Ila usione haya kuanzia hapa.

Mama wa Nyali (sasa niko Kasarani)

Mzee, Mungu akuweke.

Mama Pendo, umetaja Mombasa halafu watu wote wakaruka bahari. Sisi tulichukua treni ya SGR, tiketi ya kawaida ilipopanda Januari 2024 ilifika 1,500, watoto nusu. Saa 5 mpaka 6. Ukikaa dirishani Tsavo watoto wanatafuta tembo wekundu, na waliwaona watatu karibu na Voi. Siku ya pili tukaenda Wild Waters pale Nyali, miteremko ya maji. Wa miaka 5 aliteremka ile ndogo mara zisizohesabika mpaka vidole vikakunjamana. Siku ya tatu Haller Park, kulisha twiga. Ulimi wa twiga mkononi, mrefu, mweusi, unakwaruza kama kitambaa cha jinzi. Anausimulia mpaka leo.

Si Disneyland. Lakini kwa mtoto wa 4 maji ni maji.

Kerubo, Lang'ata

Naunga mkono. Tena hata Mombasa si lazima, miteremko ya maji ya hapa Nairobi inafanya kazi hiyo hiyo kwa Jumamosi moja.

Mama Pendo, Umoja

Nimesoma yote nikilia na kucheka, ofisini, wenzangu wananiangalia. Asanteni.

Nina maswali mawili. Mama ana magoti mabaya, hatembei zaidi ya nusu saa bila kukaa. Je, bustani hizi atazimudu? Na Pendo amesikia mambo ya joka (nilimsomea post ya Baba Tausi, nimejuta), sasa analala na taa. Je, nimwache asiingie?

Baba Tausi, South B

Magoti: kodisheni kiti cha magurudumu langoni asubuhi, msingoje achoke. Mama mkwe wangu alikataa kabisa, akasema yeye si mgonjwa, mpaka saa 6 mchana alipokubali na kufunga mkoba wa wajukuu wote kwenye mpini. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa anatuelekeza. Pia kuna treni ya mvuke inayozunguka bustani nzima, anapanda hapo anapumzika anaona kila kitu.

Joka: mwambie limefungwa minyororo. Halafu mwache aamue akifika mlangoni mwa pango. Usimsukume wala usimkataze.

Halima, Pangani

Na mpe shosho kazi yake huko, dada. Mama yangu alisoma mabango kwa sababu yalikuwa ya lugha yake. Paris hakuna Kiswahili, kwa hiyo mtafutieni kitu chake. Awe ndiye anayeshika tikiti za wote, au awe ndiye anayechagua tutakula wapi. Nilimwona mama mmoja wa Kiafrika mle bustanini ameketi benchi peke yake na mikoba saba, familia imepanda vitu, na nilitamani kwenda kukaa naye.

Achieng wa Donholm

Hilo la benchi. Ndiyo kabisa.

Mama Pendo, Umoja

Nirudishe majibu, maana mmenipa muda wenu.

Jana jioni niliwasimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, bila viatu, nikaweka kitabu bapa kichwani, nikachora kwa penseli. Pendo 117. Kito 98. Nikawaeleza alama za Paris, 102 na 120, nikazichora nazo juu yao kwa kalamu nyekundu. Kito aliangalia pengo lake akaomba maziwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua sukuma, akasema, "Na mimi nipimeni." Tukampima. 156. Pendo akamwambia, "Shosho, wewe unapanda zote."

Kwa hiyo ni Paris, Agosti ijayo, kwa kaka yangu. Nimeshampigia, kesho anaenda kwa meya. Florida nimeipenda moyoni kwa ajili ya mama yake Halima, lakini Kito hawezi na sacco haiwezi. Mume amekubali, ameomba tu kituo kimoja cha siku mbili Yas wakati watoto watakapokuwa vijana, nimemwandikia ahadi.

Na Jumamosi hii tunaenda Two Rivers, kwenye lile gurudumu kubwa. Nataka kumwona mama akiwa juu hewani kabla sijamweka kwenye ndege. Amekwisha kutoa kile kitenge chake cha Pasaka.

Mzee wa Kaloleni

Chukueni picha. Shosho akae katikati.